Heathcliff wa Kitabuni na Heathcliff wa Sinema

Wasikilizaji wetu, mazungumzo ya leo yahusu kitabu kimoja cha hadithi cha Kiingereza kiitwacho Wuthering Heights, na zaidi yamhusu mtu mmoja aliyemo humo, jina lake Heathcliff. Watu wengi duniani wamjua mtu huyu bila kukifungua kitabu hata siku moja, kwa sababu wamemwona katika picha za sinema. Ukiwauliza ni mtu wa namna gani, watakujibu kwamba ni kijana mzuri wa sura, mwenye huzuni, asimamaye juu ya jabali penye upepo mkali akimlilia mpenzi wake. Jawabu hilo si la uongo, walakini ni pungufu sana, na hilo lililopunguzwa ndilo nitakalo tulitazame.

Aliyekitunga kitabu hicho alikuwa mwanamke, Emily Brontë, aliyezaliwa mwaka 1818 katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi, mtu wa Ireland kwa asili, na tangu mwaka 1820 alikaa na jamaa zake katika kijiji cha Haworth. Ni kijiji cha nyumba za mawe, kilicho juu ya kilima, na nyuma yake ni nyika tupu yenye miti michache tu, mahali ambapo upepo hauachi kuvuma. Mama yao alikufa mwaka 1821, na dada wawili wakubwa wakafa mwaka 1825. Wale waliobaki, yaani wasichana watatu na ndugu yao mmoja wa kiume, walikua pamoja wakitungiana hadithi. Mwezi wa Desemba mwaka 1847 kitabu cha Emily kilipigwa chapa London, lakini jina lake halikuwamo. Iliandikwa kwamba mtungaji ni Ellis Bell, jina ambalo msomaji angeweza kulidhani la mwanamume, kwa maana siku zile kitabu cha mwanamke kilipimwa kwa mizani nyingine. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Desemba 1848, Emily alifariki kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Umri wake ulikuwa miaka 30, na hadithi ndefu aliyotuachia ni hiyo moja tu.

Neno “wuthering” ni la watu wa Yorkshire, nalo maana yake ni ule uvumi wa tufani inapoipiga nyumba iliyo mahali palipo wazi. Basi ndilo jina la nyumba ya ukoo wa Earnshaw, ambamo mambo mengi ya hadithi yanatendeka. Habari twazipata kwa kinywa cha mtumishi wa nyumba ile, Nelly Dean, ambaye anamsimulia mpangaji mgeni mambo aliyoyaona tangu utoto wake.

Nelly asema kwamba siku moja mzee Earnshaw alifunga safari ya kwenda Liverpool kwa miguu, maili 60 kwenda na maili 60 kurudi. Kabla ya kuondoka aliwauliza watoto wake awaletee nini. Hindley, mwana wa kiume, akataka fidla. Catherine, msichana mdogo, akataka mjeledi wa kupandia farasi. Siku ya tatu usiku mzee akarudi amechoka kabisa, akalifungua koti lake kubwa, na ndani yake mkatoka mtoto mchafu, mwenye nywele nyeusi na nguo zilizoraruka. Alikuwa amemwokota njiani mjini, ana njaa, hana kwao, wala hapakuwa na mtu aliyejua ni wa nani. Fidla ilikuwa imevunjika vipande vipande ndani ya koti, na mjeledi ulikuwa umepotea. Hindley akalia, Catherine akamtemea mate yule mgeni, na bibi wa nyumba akataka atupwe nje. Mtoto akapewa jina la mwana mmoja wa nyumba ile aliyekufa zamani, Heathcliff, na jina hilo moja likawa ndilo lake na ndilo la ukoo wake, kwa kuwa ukoo hakuwa nao.

Je, alikuwa mtu wa taifa gani? Hapa ndipo penye mambo. Mzee Earnshaw mwenyewe, alipokuwa akimtoa ndani ya koti, alisema ni mweusi karibu kana kwamba ametoka kwa shetani. Wengine katika kitabu humwita Mjipsi. Jirani tajiri, Bwana Linton, alipomwona alikisia kwamba labda ni laskari mdogo, au mtoto wa Marekani au wa Hispania aliyeachwa na merikebu. Laskari walikuwa mabaharia wa nchi za Mashariki, hasa Bara Hindi, walioajiriwa katika vyombo vya Waingereza. Na neno lao na neno letu “askari” hutajwa kuwa la asili moja. Naye Nelly, akitaka kumtuliza kijana siku alipojiona mbaya wa sura mbele ya kioo, alimwambia kwamba nani ajuaye, huenda baba yake ni mfalme wa China na mama yake malkia wa Kihindi. Yapo pia mahali ambapo kitabu chasema uso wake uligeuka kuwa mweupe kwa hasira au kwa uchungu. Emily Brontë hakulikata shauri hili, nami naona aliliacha hivyo kwa kusudi.

Lakini mahali alipookotwa alipataja waziwazi. Katika hadithi, Heathcliff aliletwa yapata miaka 30 kabla ya mwaka 1801, na Liverpool ya siku zile haikuwa bandari hivi hivi tu. Katika miaka ile hapakuwa na bandari ya Uingereza iliyoishinda kwa idadi ya merikebu zilizokwenda Afrika ya Magharibi kununua watu na kuwavusha bahari mpaka visiwa vya West Indies na Marekani. Biashara hiyo haikukatazwa kwa sheria ya Kiingereza mpaka mwaka 1807. Msomaji wa mwaka 1847 aliposikia habari za mtoto mweusi wa sura, asemaye maneno yasiyofahamika na mtu, aliyepatikana katika njia za Liverpool bila mwenyewe, na mzee akauliza kwanza mwenyewe ni nani, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Maana swali hilo la “ni wa nani” laweza kuulizwa kwa habari ya mtoto aliyepotea, na laweza kuulizwa kwa habari ya mali.

Mzee alimpenda yule mtoto kuliko mwanawe wa kumzaa, na chuki ya Hindley ikaanzia hapo. Mzee alipokufa, Hindley akawa bwana wa nyumba. Akamwondoa Heathcliff katika masomo, akamtoa sebuleni, akampeleka kufanya kazi ya shamba pamoja na vibarua. Catherine ndiye aliyebaki rafiki yake, wakawa wakikimbia pamoja nyikani. Lakini Catherine naye alikaa majuma matano nyumbani kwa akina Linton, akarudi akiwa binti wa kiungwana mwenye glovu mikononi, na baadaye Edgar Linton alipomposa alikubali. Usiku ule alimwambia Nelly kwamba kuolewa na Heathcliff, jinsi Hindley alivyomshusha, kungemshusha na yeye. Heathcliff alikuwa amelala juu ya benchi karibu na ukuta, akayasikia hayo, akaondoka. Hakungoja kusikia maneno yaliyofuata, ambayo Catherine alisema jinsi anavyompenda.

Akapotea miaka mitatu. Aliporudi alikuwa na fedha na mwendo wa bwana mkubwa, wala hakusema alikozipata. Tangu hapo aliwalipiza kisasi wote mmoja mmoja. Alimtia Hindley katika kamari na ulevi mpaka nyumba na mashamba yakawekwa rehani kwake. Alimwoa Isabella, dada yake Edgar, bila kumpenda, akamtesa. Catherine alipokufa kwa uzazi, kisasi hakikwisha. Kiliendelea juu ya watoto. Mtu huyu si bwana arusi wa nyimbo. Alidhulumiwa, kisha akawa dhalimu, na kitabu hakituruhusu kusahau hata moja katika hayo mawili.

Sasa tuje kwenye sinema. Picha ya kwanza ilitengenezwa Uingereza mwaka 1920, siku za sinema bubu, na Milton Rosmer ndiye aliyekuwa Heathcliff. Walipiga picha zao kulekule kandokando ya Haworth. Utepe wake umepotea, kwa hiyo hatuna la kusema juu yake.

Picha iliyomjulisha Heathcliff kwa ulimwengu ilitoka mwaka 1939 huko Hollywood. Tajiri aliyeigharimia alikuwa Samuel Goldwyn, mwongozaji alikuwa William Wyler, na Heathcliff alichezwa na Laurence Olivier, Mwingereza mwenye sauti ya ajabu na uso mzuri mno. Upepo na nyika ya Yorkshire vilitengenezwa katika vilima vya California. Picha hiyo yapendeza macho, na Gregg Toland aliyeshika kamera alipata tuzo ya Oscar kwa kazi yake. Lakini angalieni yaliyofanywa humo. Kwanza, nusu nzima ya kitabu, yaani habari ya watoto, iliachwa. Pili, Heathcliff aliitwa Mjipsi kwa maneno tu. Aliyeonekana ni Mzungu mwenye nguo za zizini, na akishaoga na kuvaa vizuri hana tofauti na Edgar Linton ila nywele zake ni nyeusi zaidi. Tatu, Goldwyn hakupenda picha iishe kwa maiti. Wyler alikataa kuongeza neno, kwa hiyo mwongozaji mwingine akaitwa, akapiga picha ya vivuli viwili vya wapenzi vikitembea pamoja katika theluji, na waliotembea walikuwa watu wengine waliovalishwa mavazi yao, kwa kuwa wachezaji wenyewe walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Wala msidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya kupenda au kutopenda kwa mtu mmoja. Watengenezaji wa sinema wa Marekani walikuwa na kanuni zao walizojiwekea, zilizosimamiwa kwa nguvu tangu mwaka 1934, na kati ya mambo zilizoyakataza ni kuonyesha mapenzi ya kimwili baina ya Mzungu na mtu mweusi. Katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka 1956. Kama mtu angalitaka mwaka 1939 kumwonyesha Catherine akimpenda mwana wa Kiafrika aliyetoka merikebuni, asingaliruhusiwa.

Na katika picha hiyohiyo limo jambo la kustaajabisha kuliko yote. Catherine, binti wa Kiingereza ambaye chotara wa Liverpool angemshusha hadhi, alichezwa na Merle Oberon. Bibi huyu aliwaambia watu maisha yake yote kwamba alizaliwa Tasmania, kisiwa cha Australia. Kweli ni kwamba alizaliwa Bombay mwaka 1911, akakulia Calcutta, na kwa upande wa mama alikuwa na damu ya watu wa Ceylon. Angalijulikana hivyo, milango ya Hollywood ingalifungwa mbele yake. Husimuliwa kwamba bibi aliyemlea alikaa naye huko Uingereza huku wageni wakidhani ni mtumishi wake. Alikufa mwaka 1979, na habari zake za kweli zikaenea baadaye. Basi pale kilimani katika picha, walipokaa wale wawili juu ya jabali, mwenye asili ya Mashariki iliyofichwa alikuwa Catherine, na Mwingereza halisi alikuwa Heathcliff. Watazamaji hawakujua, na Oberon aliyajua yote alipokuwa akiyasema maneno ya Catherine juu ya kushushwa.

Baada ya hapo nchi nyingi zilijaribu. Luis Buñuel aliipeleka hadithi Mexico mwaka 1954. India ilitengeneza Dil Diya Dard Liya mwaka 1966, ikiwa na Waheeda Rehman na Dilip Kumar, ambaye watu wa pwani yetu walimjua vizuri siku za fahari ya majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Wajapani walitoa yao mwaka 1988. Hao wote waliibadili nchi na mavazi, na mara nyingi waliona mambo ambayo Hollywood haikuyaona, kwa sababu katika nchi zao swali la nani mtoto wa nyumba na nani mtumwa wa nyumba lilieleweka upesi. Waingereza wenyewe walimpa Timothy Dalton kazi ya kuwa Heathcliff mwaka 1970, Ralph Fiennes mwaka 1992, na Tom Hardy katika televisheni mwaka 2009. Wote ni wachezaji hodari, na wote ni Wazungu.

Ilipata miaka 91 tangu ile picha ya kwanza kabla ya mtu kumtazama mtoto wa Liverpool kama Nelly alivyomweleza. Mwaka 2011 mwongozaji mwanamke wa Kiingereza, Andrea Arnold, alimchagua James Howson, kijana mweusi wa Leeds, ambaye hakuwa mchezaji wa sinema kabla ya hapo, na mtoto Solomon Glave kwa habari za utotoni. Katika picha ile maneno ni machache. Matope ni mengi, mvua ni nyingi, na kamera yamfuata yule mtoto mgongoni kwa karibu, hata mtazamaji auona ulimwengu wa akina Earnshaw kwa macho ya mgeni. Wako waliolalamika kwamba Howson hana ule ufasaha wa Olivier. Mimi sikubaliani nao. Kijana aliyeondolewa shuleni na kupelekwa shambani, wampatie ufasaha wapi?

Walakini shauri halikukatika hapo. Mwaka 2024 ilipotangazwa kwamba Emerald Fennell, naye Mwingereza, amemchagua Jacob Elordi wa Australia, watu walibishana sana, wengine wakiuliza kwa nini Heathcliff amerudishwa kuwa Mzungu, wengine wakijibu kwamba kitabu hakikutaja rangi yake waziwazi. Katika picha hiyo, iliyotoka mwaka 2026, Edgar Linton, yule bwana mweupe wa nywele za dhahabu kitabuni, amechezwa na Shazad Latif, ambaye ana asili ya Pakistani kwa upande wa baba. Mchezaji hodari aweza kucheza lolote, hilo halina ubishi. Lakini ukiwabadilishana mahali wale wawili, lile neno la Catherine juu ya kushushwa hukosa mahali pa kusimama, ikabaki habari ya msichana aliyechagua tajiri badala ya maskini, ambayo ipo katika hadithi elfu.

Nimesema kwamba picha ya mwaka 1939 iliikata nusu ya pili ya kitabu. Ile ya mwaka 2011 nayo haifiki huko. Picha ya mwaka 1992 ilijaribu, na Juliette Binoche akawa Catherine na pia Cathy, binti yake. Nataka kumaliza kwa nusu hiyo, kwa kuwa ndiyo ielekeayo kusahauliwa, nayo ina jambo ambalo kila mwanafunzi atalifahamu.

Hindley aliacha mwana, jina lake Hareton. Heathcliff alipoitwaa nyumba, alimtenda mtoto huyo vilevile alivyotendwa yeye: alimfanya mfanyakazi asiye na mshahara katika nyumba ya baba zake, na akahakikisha hafundishwi kusoma wala kuandika. Juu ya mlango wa nyumba ile, katika jiwe, palichongwa jina la babu wa zamani na mwaka wa nyumba: Hareton Earnshaw, 1500. Kila siku kijana alipita chini ya jina ambalo ni lake mwenyewe, asiweze kulisoma. Baadaye alijifunza kwa siri, akamwonyesha Cathy kwa fahari kwamba sasa aweza kulisoma. Cathy akamwuliza, na zile tarakimu je? Akasema bado. Cathy akamcheka, na ikapita miezi mingi kabla hajajuta, akamfungia kitabu katika karatasi kama zawadi, akamwahidi kumfundisha mwenyewe.

Jioni moja walikuwa wamekaa wawili karibu na moto, vichwa vyao juu ya kitabu kimoja, na Heathcliff akaingia ghafula. Wakainua macho pamoja. Wote wawili walikuwa na macho ya Catherine aliyekufa, kwa kuwa mmoja ni binti yake na mwingine ni mwana wa kaka yake. Heathcliff alikuwa amekwisha kupata kila alichokitaka, nyumba zote mbili na watoto wote wawili mkononi mwake, na alibakiwa na pigo la mwisho tu. Alikitwaa kile kitabu mkononi mwa Hareton, akautazama ukurasa uliokuwa wazi, akamrudishia bila kusema neno.